Mzee Aliyehesabiwa Kabla Hajafika

"Tena," alisema Bi Tena.

Mhudumu wa vyumba akaanza upya. Jana aliingia chumba 4127 saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Alitandika kitanda kimoja, cha pili akakiacha kwa kuwa mzee alikuwa amekikalia, akabadilisha taulo, akatoka. Mzee alikuwa mzima. Kadi ya mzee aliiokota sakafuni koridoni, akaitia mfukoni ili airudishe baadaye, halafu saa nne king'ora cha zoezi la wafanyakazi kikalia, naye akakimbilia zamu yake. Basi, hajui zaidi.

Ilikuwa mara ya nne kuyasema, na kwa mara ya nne yalitoka neno kwa neno, kama mwanafunzi anayekariri shairi mbele ya mkaguzi. Mtu mkweli ukimwambia arudie, husahau hapa, huongeza pale, hujisahihisha, hukasirika. Mwongo hushika somo lake. Bi Tena alikuwa ameisikia tofauti hiyo kwa miaka thelathini na miwili, na siku hizi ilimchosha hata kabla hajaanza kuitafuta.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Inspekta wa polisi wa bandari. Jina la Bi Tena alibandikwa na vijana wa kituoni kwa sababu ya lile neno lake, wakidhani halijui. Alilijua, na hakulichukia. Kilichomkera asubuhi ile ni viatu. Miguu ilikuwa imevimba tangu jana, alipopanda na kushuka ngazi za meli hii ya kitalii mpaka magoti yakaanza kumsema.

Walikuwa wamekaa katika kijichumba cha mafunzo ya wafanyakazi, chenye meza moja, viti sita, na bango ukutani la mtu asiye na uso akivaa jaketi la kuokolea kwa hatua nne. Mhudumu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti, mwenye mchubuko mbichi kwenye kifundo cha mkono. Mchubuko huo ulikuwa umeandikwa kwenye jalada kwa wino mwekundu. Kadi ya mzee, iliyokutwa mfukoni mwa sare yake, ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Meli ilitia nanga bandarini jana alfajiri, siku ya pili ya safari. Abiria wengi walishuka kutembea mjini. Mzee wa miaka sabini na sita, mgonjwa wa goti na sukari, alibaki chumbani. Binti yake, aliyesafiri naye, alishuka kununua dawa ya kuchua, akarudi saa saba mchana, hakumkuta. Kitabu cha kutokea kilionyesha mzee hakushuka. Meli ikapekuliwa mara mbili juu hadi chini. Wapiga mbizi wakazama bandarini, wakaibuka na kandambili moja ya bluu, na binti alipoonyeshwa alitikisa kichwa: baba yake hajawahi kuvaa kandambili nje ya bafu, yeye ni mtu wa viatu vya kamba.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu. Nahodha alikuwa ameongezewa muda hadi saa nane mchana. Ikifika saa nane meli inang'oa nanga, mhudumu anashuka na pingu kama mtu aliyemsukuma mzee majini kupitia mlango wa kupakilia mizigo, na mzee, kama yupo mahali anapumua, anaondoka na meli bila dawa yake ya sukari, ambayo mpaka asubuhi hiyo alikuwa ameikosa mara tatu. Bi Tena hakupenda kuhesabu dozi, lakini alizihesabu.

"Mkono umeumia wapi?" aliuliza.

"Kamba ya mashua ya uokoaji, mama. Tuliishusha kwenye zoezi. Wenzangu waliniona."

Hilo alilisema haraka, bila mpangilio, na mwishoni akamtaja mwenzake aliyemfunga bandeji halafu akajisahihisha kuwa ni mwingine. Bi Tena akaufuta ule wino mwekundu kichwani mwake. Mchubuko ulikuwa wa kweli. Kilichobaki ni kadi.

Alimwacha na sajenti mlangoni, akaenda kumtafuta ofisa usalama wa meli.

Ofisa usalama alikuwa kijana mwembamba mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Ofisini kwake kila faili lilikuwa na rangi yake na kila kalamu imelala upande mmoja. Hakupenda wageni, na polisi wa bandari aliwahesabu kuwa wageni wabaya zaidi. Bi Tena akaketi bila kukaribishwa, akavua kiatu kimoja chini ya meza, akamwomba amweleze mazoezi hayo ya usalama kama vile anamweleza abiria ambaye hajawahi kupanda meli.

Hapo kijana akachangamka, maana aliulizwa anachokipenda. Kabla meli haijaondoka, alisema, kila abiria lazima afanye zoezi. King'ora hulia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu. Abiria huacha anachofanya, habebi mizigo, hapandi lifti, huenda kwa ngazi mpaka kituo chake cha kukusanyikia. Kituo ni herufi iliyochapwa kwenye kadi yake, ile ile inayofungua mlango wa chumba. Pale mfanyakazi huisoma kadi kwa mashine, taa ya kijani huwaka, na abiria anakuwa amehesabiwa. Kisha huonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi na mashua atakayopanda. Dakika ishirini, wengine hulalamika kuwa wamekatiziwa chakula, yamekwisha.

"Na asiyekuja?"

"Anasukumiwa barua chini ya mlango. Kesho yake kuna zoezi la marudio. Akikosa na hilo, nahodha ana haki ya kumshusha bandari inayofuata."

"Mzee wetu?"

Ofisa akageuza kompyuta. Siku ya kuondoka binti alikuja, mzee hakuja. Akapewa barua. Jana saa mbili na dakika thelathini na nne asubuhi, kituo C, sitaha ya saba, zoezi la marudio, kadi ya mzee ilisomwa. Taa ya kijani. Yupo.

Chumba cha mzee kilikuwa sitaha ya nne. Ya saba ni sakafu tatu juu, na mtu huyo binti yake alisema goti lilimlaza kitandani tangu juzi.

"Alipanda kwa ngazi?"

"Sheria ni ngazi. Asiyeweza hujiandikisha, tunamfuata na kiti cha magurudumu. Yeye hakujiandikisha."

"Kwa hiyo alipanda sakafu tatu asubuhi, saa mbili na nusu, halafu akashuka akalala."

"Mashine haidanganyi, Inspekta."

"Sikusema inadanganya. Walikuja wangapi kwenye marudio?"

"Kumi na tisa."

"Kadi kumi na tisa au vichwa kumi na tisa?"

Ofisa akasema kwamba zoezi hilo lilisimamiwa na msaidizi wake, kwamba wahudumu wa vyumba huwaleta abiria wao, kwamba mhudumu ambaye abiria wake wanakosa mara kwa mara hukatwa alama kwenye tathmini yake. Kila sentensi ilitoka polepole kuliko iliyotangulia. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo anayeulizwa ndiye anayepata elimu, na kijana yule alikuwa anaipata mbele ya mgeni. Bi Tena alimwonea huruma, akarudisha mguu kwenye kiatu.

Alirudi kwenye kijichumba cha mafunzo, akavuta kiti mpaka karibu kabisa na mhudumu.

"Sitakwambia tena," alisema. "Nitasema mimi, wewe unisahihishe. Jana saa mbili asubuhi uliichukua kadi ya mzee mkononi mwake. Ukapanda nayo sitaha ya saba. Ukaipitisha kwenye mashine pamoja na za abiria wako wengine, mwenye mashine hakuinua macho. Mzee hakutoka kitandani."

Mhudumu aliangalia bango ukutani. Macho yakamjaa machozi, na alipoanza kusema, kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kwa mpangilio.

"Alikuwa analia, mama. Mzee mzima. Ile barua ilimtisha, alidhani watamshusha, na binti yake ameisubiri safari hii miaka. Ngazi zilimshinda siku ya kwanza, alifika ya tano akarudi, hakutaka binti ajue. Kiti cha magurudumu alikikataa, alisema bado hajafikia huko. Nikamwambia baba, lala, nipe kadi, nitakuhesabisha. Tunafanya hivyo. Si mimi tu. Wazee, wenye watoto wachanga, unamwona mtu amechoka, unachukua kadi."

"Na kuirudisha?"

"Nilikuwa na vyumba kumi na saba. Nilipoingia kwake saa tatu na dakika arobaini nilisahau kabisa iko mfukoni. Nikakumbuka nikiwa koridoni, king'ora kikalia. Zamu yangu iko mbele ya meli, ukichelewa wanaandika."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningefukuzwa. Ukifukuzwa kwa mambo ya usalama, hakuna meli itakayokuchukua tena, jina linazunguka. Nina mama na watoto wanne. Nilijua mzee atapatikana tu, maana meli si nchi. Halafu ikafika jioni, hajapatikana, na nikawa nimeshasema niliiokota."

Njia ya mwongo fupi, lakini huyu hakuwa na pa kwenda hata kwenye hiyo fupi. Bi Tena alimwamini, na kumwamini hakukumpunguzia uzito. Alimwona mzee aliyefanyiwa hisani. Mlango wa chumba chake hujifunga wenyewe ukitoka, na bila kadi haufunguki. Na herufi ya kituo chake, kitu pekee kinachomwambia aende wapi king'ora kikilia, ilikuwa imechapwa kwenye kadi ile ile, mfukoni mwa mtu mwingine, mbele ya meli.

"Ile saa nne," alisema polepole. "Walitangaza kwamba ni zoezi la wafanyakazi tu?"

"Mara mbili, mama, kwa kipaza sauti. Abiria waendelee na shughuli zao."

"Mzee anasikia vizuri?"

Mhudumu akamtazama. "King'ora anasikia. Maneno, mpaka umsogelee."

Binti alikuwa chumba 4127, ameketi ukingoni mwa kitanda ambacho hakikutandikwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwalimu wa shule ya msingi, na tangu jana alikuwa amekunja na kukunjua fulana moja ya baba yake mpaka ikalegea. Bi Tena alimpa pole, akamwomba ruhusa ya kufungua kabati. Majaketi ya kuokolea yalipaswa kuwa mawili, lilikuwepo moja. Hilo lilikuwa kwenye jalada tangu jana, na mtu alikuwa ameandika pembeni: huenda alijitupa. Bi Tena aliposoma maneno hayo mara ya kwanza alichoka kwa niaba ya aliyeyaandika, kwa sababu mtu anayetaka kuzama havai kitu cha kumwelesha.

Viatu vya kamba havikuwepo. Miwani ilikuwepo, juu ya meza, imekunjwa. Ramani ya njia za dharura ilikuwa nyuma ya mlango, maandishi madogo kama mchanga.

"Mwanangu," alimwambia binti, ingawa walipishana miaka minane tu, "baba yako alifanya kazi gani?"

"Kiwanda cha nguo. Miaka thelathini na mmoja, kwenye mitambo ya kufuma."

"King'ora kikilia kiwandani walifanyaje?"

Binti akaiweka fulana chini. Askari wa jana hawakumuuliza hilo, alisema, na yeye hakufikiri kama ni jambo. Baba yake hawezi kusikia king'ora akakaa. Hata gari la zimamoto likipita nyumbani husimama. Kiwandani waliposikia king'ora walitoka, wakaenda mahali palipochorwa alama, wakasimama hapo mpaka msimamizi awahesabu. Mwaka mmoja moto uliwaka kweli. Mtu mmoja alipotoka alikwenda zake nyumbani bila kuhesabiwa. Wenzake wawili, marafiki wa baba yake, wakaona hesabu haijatimia, wakarudi ndani kumtafuta.

"Hawakutoka," binti alisema. "Yule waliyemtafuta alikuwa kwake anakunywa chai. Toka siku hiyo baba hasogei mpaka ahesabiwe. Hata tulipokuwa wadogo, tukienda sokoni, kabla ya kurudi lazima atuhesabu, na yeye mwenyewe anajihesabu. Tulikuwa tunamcheka."

Bi Tena aliangalia saa. Saa nne na robo. Alimwita ofisa usalama, akamwomba vitu vitatu: mhudumu aletwe hapa, milango ya moto ya sehemu hii ifungwe kama inavyofungwa king'ora kinapolia, na yeye mwenyewe anyamaze. Ofisa alipinga la tatu kwa uso, mengine mawili akayapigia simu chumba cha nahodha cha kuongozea meli. Dakika mbili baadaye kitu kilibofya ukutani, na milango miwili mizito ya chuma iliyokuwa imefunguliwa koridoni ikajifunga taratibu upande wa kulia, upande wa ngazi kuu.

"Inasukumika," ofisa alisema. "Haijifungi kwa ufunguo. Ni ya kuzuia moshi tu, abiria hufundishwa."

"Kwenye zoezi?"

"Kwenye zoezi."

"Ambalo hakuhudhuria." Bi Tena alivua miwani yake, akaikabidhi kwa binti. "Kiwandani kwa baba yako, mlango wa chuma ukijifunga, maana yake nini?"

"Moto uko nyuma yake," binti alisema.

Basi Bi Tena akageuka kushoto. Alitembea kama mtu mwenye goti bovu, jambo ambalo halikumhitaji kuigiza sana, mkono mmoja ukishika reli ya ukutani. Bila miwani korido ilikuwa ukungu wa zulia na milango. Herufi hazikusomeka. Alama ndogo hazikusomeka. Nyuma yake walikuja watatu.

"Kazi yangu imekwisha, mama?" mhudumu aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba swali lilimponyoka.

"Nitaandika yote uliyoyasema, na yote ni kweli, kwa hiyo nadhani imekwisha. Lakini kama niko sawa, hutashuka na pingu."

Mwisho wa korido, pale inapokata kwenda nyuma ya meli, kitu cha kijani kilijitokeza ukutani. Kilikuwa kikubwa kama sahani. Hata kwa macho yake ya ukungu aliona umbo: watu wanne wamesimama pamoja, na mshale. Akaufuata. Hatua ishirini mbele kulikuwa na mwingine.

"Hizo zilipaswa kubanduliwa," ofisa alisema, akisahau sharti la tatu. "Ni za zamani. Kabla meli haijafanyiwa matengenezo, kituo C kilikuwa nyuma huku, kwenye ukumbi wa muziki. Tulikihamishia sitaha ya saba mwaka jana."

"Na ukumbi?"

"Unakarabatiwa. Umefungwa."

Mshale wa tatu ulielekea kwenye milango miwili mipana ya mbao, imepigwa mnyororo na kufuli. Harufu ya rangi mbichi ilipenya kwenye mwanya wa chini. Bi Tena akachukua miwani yake kwa binti, akaivaa.

"Jana mlipopekua, huku mliingia?"

Ofisa alitoa karatasi mfukoni, ingawa hakuihitaji. Upekuzi hufuata ramani ya meli ya sasa, alisema, kila sehemu na alama yake ya vema. Ukumbi uliondolewa kwenye ramani mwaka jana. Watu wake waliona kufuli, na palipofungwa kwa nje hapana mtu ndani.

"Lilifungwa saa ngapi?"

"Liko siku zote."

"Tena," Bi Tena alisema.

Uso wa kijana ulibadilika. Mafundi wa ukarabati nao ni wafanyakazi wa meli. King'ora kikilia nao huacha kila kitu kilivyo, milango wazi, misumari chini, wanakimbilia zamu zao, na hiyo ndiyo sheria aliyowafundisha yeye mwenyewe. Zoezi lilikwisha saa nne na dakika arobaini. Walirudi, wakachungulia, rangi ilihitaji siku mbili kukauka, wakapiga mnyororo wakaenda kula. Hayo yote aliyasema akiwa ameshaanza kukimbia kutafuta ufunguo, na sare yake nyeupe ikagusa ukuta na kuchafuka bila yeye kujali.

Dakika saba alizokuwa hayupo zilikuwa ndefu kuliko asubuhi nzima. Binti aligonga mlango akaita baba, baba, mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyejibu. Mhudumu alisimama na paji la uso kwenye ubao wa mlango. Bi Tena alitaka kuwaambia wasiogope, lakini alikuwa anaogopa mwenyewe, na aliona aibu kugawa ujasiri asiokuwa nao.

Ofisa alirudi na ufunguo, na daktari wa meli, na mashine ya kusomea kadi ikining'inia shingoni kwa mazoea. Mnyororo ukaanguka.

Ukumbi ulikuwa na giza kiasi na viti vilivyofunikwa kwa mashuka, safu kwa safu. Ukutani, nyuma ya ngazi ya wapaka rangi, alama ya mwisho ya kijani ilikuwa bado haijapakwa rangi: watu wanne, mishale minne inayowaelekea. Chini yake mzee alikuwa ameketi kwenye kiti alichokifunua mwenyewe, shuka likiwa limekunjwa vizuri miguuni pake. Viatu vya kamba vimefungwa. Jaketi la kuokolea limekazwa kama la yule mtu wa bangoni. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani.

Binti alifika wa kwanza. Akamshika uso, na uso ukainuka.

"Yuko hai," daktari alisema, vidole shingoni. "Sukari lazima imepanda vibaya. Maji, na machela. Sasa hivi."

Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa kiu. Walimpa maji kwa kijiko. Lakini walipotaka kumwinua alishika mikono ya kiti kwa nguvu ambazo daktari hakuzitegemea, akatikisa kichwa. Alisema kitu. Binti akainama, akamsikiliza, akageuka huku machozi yanamtiririka.

"Anasema hajahesabiwa. Anasema akiondoka watarudi kumtafuta motoni."

Kwa mara ya kwanza tangu waonane, Bi Tena na ofisa usalama walielewana bila kusema. Bi Tena akachana mfuko wa plastiki wa ushahidi, kitu ambacho hajawahi kukifanya kazini, akampa kadi. Ofisa akapiga goti mbele ya mzee, akaiweka kadi kwenye mashine ili aone. Taa ya kijani haikuwaka. Kwenye kioo yakatokea maandishi, na ofisa akayasoma kwa sauti kabla hajajizuia.

"Abiria huyu ameshahesabiwa. Jana, saa mbili na dakika thelathini na nne."

Akajaribu tena. Mashine ikasema vile vile. Mzee alikuwa anamtazama, mikono bado imeng'ang'ania kiti.

Mhudumu ndiye aliyesogea. Alimpita ofisa, akachuchumaa karibu kabisa na sikio la mzee, akaweka kidole kwenye jaketi lake, kifuani, kama msimamizi anayepita kwenye mstari.

"Mmoja," alisema. "Nimekuhesabu, baba. Kwa macho yangu. Mmoja."

Mzee alimwangalia. "Na binti yangu?"

"Wawili."

"Kuna aliyebaki ndani?"

"Hakuna, baba. Tumetimia wote."

Mzee akaachia kiti, wakambeba.